Matofali Matatu ya Inger

Benchi letu liko kona, mkabala na shule ya zamani hapa mjini Randers, ubavuni mwa kibanda cha soseji cha Gerda. Halina egemeo, na upepo wa Oktoba unalipiga pande zote, lakini kila asubuhi tupo, kwa sababu majumbani mwetu hakuna wa kuongea naye. Nasema ukweli tu, sioni haya. Mimi wananiita Posta, niligawa barua mji huu miaka thelathini na nane. Poul ni Profesa: anasoma magazeti matatu kwa siku na haamini hata moja. Egon tunamwita Saruji, fundi mwashi mstaafu, miaka themanini na minne, mgane. Shule ng'ambo ya barabara inaondolewa tofali kwa tofali, na ukuta wake wa kusini aliujenga Egon. Wa kaskazini aliujenga mwenzake Kaj, ambaye tulimzika miaka kumi iliyopita.

Asubuhi hiyo mafundi walikuwa upande wa Kaj. Nyundo moja tu, tofali linaachia, chokaa inapukutika, tofali linapangwa kwenye chaga likiwa safi.

— Hili jengo halibomolewi, linafumuliwa kama sweta, — Profesa akasema. — Vigae vinakwenda paa jingine. Madirisha kuna mtu kashayachukua. Matofali yanajenga chekechea. Siku hizi hakuna kutupa bwana, kila kitu kinarudi kazini.

— Isipokuwa sisi, — Gerda akasema, huku akitumiminia kahawa.

— Na ukuta wangu, — Egon akasema.

Ni kweli. Jana yake walikuwa wameujaribu. Walipogonga, tofali likavunjika na saruji ikabaki imeng'ang'ania. La pili vilevile. Wakaupaka msalaba mwekundu: Ijumaa utasagwa, kifusi kikafukiwe chini ya barabara mpya.

— Kaj nilikuwa namwita mpika uji, — Egon akaendelea. — Saruji kiganja, chokaa ndoo nzima. Nikamwambia, we Kaj, ukuta wako utaanguka kabla hujastaafu. Mimi saruji nilitia mara mbili. Nilitaka ukae milele.

— Sasa mpika uji anakwenda chekechea, na wewe unakwenda kukanyagwa na malori, — Profesa akasema.

— Poul, hebu nyamaza kidogo, — Gerda akamwambia.

Siku nyingine Egon angemrudishia, tena kwa matusi ya mafundi. Leo alishika kikombe kwa mikono miwili, akawa anautazama ule msalaba.

— Mle kuna matofali matatu ya Inger, — akasema.

Sote tulimjua Inger, mkewe, lakini habari ya matofali hatukuwahi kuisikia.

— Tulikuwa wachumba bado. Alikuwa ananiletea chakula mchana. Siku moja akasema, hebu nipe huo mwiko wako wa uashi. Akapanga matatu, chini ya dirisha la nne. Yamekaa upande, mnayaona? Msimamizi akaniambia niyatoe. Nikamwambia sawa. Sikuyatoa.

Tukakodoa macho. Dirisha la nne, chini kidogo, matatu yalikuwa yameinamia kushoto.

— Nayataka, — Egon akasema. — Nyumbani sina kitu alichokishika. Nguo zake binti yangu alizigawa zote. Nayataka, na nimeyafungia mle mwenyewe kwa saruji yangu.

Hapo kijiwe kikaamka. Hatujui kumfariji mtu, tunajua kubishana.

— Siki, — Gerda akasema. — Sufuria zangu zikishika ukoko nazilowekea siki.

— Siki ya nini, wewe nawe, ule ni ukuta, si sufuria, — Profesa akamkatiza. — Barafu. Unaumwagia maji leo, kesho, keshokutwa. Yakiganda, yanapanuka, saruji inaachia.

— Mpaka Ijumaa kutaganda? — nikamuuliza.

— Basi tulete gari la samaki, lile la majokofu. Linaegeshwa ukutani, milango wazi, usiku kucha.

— Nani mwenye gari la samaki?

— Posta, wewe kazi yako kukatisha watu tamaa. Sikiliza. Kila kitu kina mtetemo wake. Tunaomba kinanda cha kanisani, kinapigwa noti moja tu, ile ile, nzito...

— Kinanda kitavukaje barabara, Profesa? — Gerda akauliza.

— Tunaupeleka ukuta kanisani.

Egon akacheka, akakohoa. Lakini kile kicheko hakikufika mbali. Nikaona anafuta macho kwa mgongo wa mkono, nikajifanya naangalia baiskeli.

Binti mmoja wa kule kwa mafundi wa shule alikuwa amefika kibandani kununua soseji, helmeti kichwani. Alituambia anaitwa Signe, na kwamba yeye ndiye anayeandika kila kitu kinachotoka kwenye jengo na kinakokwenda.

— Samahani wazee, nimewasikia. Haihitaji kinanda, — akasema. — Tofali mojamoja haliwezekani. Lakini tuna msumeno wa kukata ukuta. Naweza kukukatia kipande kizima, mita kwa mita, na hayo matatu yakiwa katikati.

Egon akasimama. Sikumbuki lini mara ya mwisho alisimama haraka vile.

— Utanikatia?

— Nitakukatia, mzee. Uzito wake kama kilo mia mbili, tutakuletea kwa gari. Sharti ni moja: hatukati kitu kisicho na pa kwenda. Nahitaji anwani.

Egon anaishi kwenye chumba kimoja, ghorofa ya tatu, nyumba ya wazee. Kitanda, kiti, na televisheni. Nikamwona anafikiri.

— Lærkevej kumi na nne, — akasema, upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Signe akaandika.

Nilipeleka barua Lærkevej kumi na nne tangu nikiwa kijana. Nyumba ile Egon aliijenga kwa mikono yake, akaishi humo na Inger zaidi ya miaka hamsini. Mwaka uliofuata baada ya msiba wa Inger iliuzwa, ikabomolewa. Leo ni maegesho ya magari ya duka la vyakula. Profesa anajua, Gerda anajua, na Egon anajua kuliko sote.

— Basi Alhamisi asubuhi, — Signe akasema, akiichomeka kalamu nyuma ya sikio. — Kutakuwa na mtu nyumbani wa kupokea?

Profesa akakunja gazeti lake. Gerda akainua chupa amwongezee Egon kahawa, yakatoka matone mawili tu. Egon alikuwa bado amesimama, anaangalia dirisha la nne.

Yule binti akasubiri. Kisha akauliza tena, kwa sauti ya juu kidogo, akidhani hatukusikia.