Mzee Walter Leong na Meza ya Masomo ya Newtown

Marehemu Walter Leong alizaliwa tarehe 9 Mei 1921 huko Malindi, Unguja, kifungua mimba wa Mzee Leong Fook, Mchina wa Kantoni aliyefanya biashara ya majongoo bahari. Katika nyumba hiyo mtoto alimpa mkubwa kikombe kwa mikono miwili, na mwalimu aliheshimiwa kama mzazi. Ndivyo Konfusio, mwalimu wa kale wa Uchina, alivyofundisha, na ndivyo Walter alivyolelewa.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1935, baba yake alipofariki. Hapo akaacha masomo, akaenda kukanda unga katika duka la mikate ili wadogo zake wasome, kama baba alivyomwusia. Hakulalamika, ila kwa miaka mingi alizunguka njia ya mbali asipite mbele ya shule.

Tarehe 14 Juni 1952 alifunga ndoa na Gertrude, binti wa Mbweni. Mungu akawajalia Roselyne na Shem.

Mwaka 1968 walihamia Birmingham, Uingereza, wakapata flati ya kaunsili, nyumba ya kupanga ya halmashauri ya mji, katika mtaa wa Newtown, na Marehemu akaajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha chuma. Jioni redio haikuguswa mpaka watoto wamalize masomo. Hita ya mafuta ya taa aliiweka miguuni mwao mezani, mwenyewe akakaa pembeni na koti lake. Alama mbaya hazikuleta kofi, zilileta kimya, na Shem husema heri lingekuwa kofi. Jirani yao, Bwana Gurmeet, alipoona hayo alianza kuwaleta wanawe kwenye meza hiyo hiyo.

Mwaka 1973 Marehemu aliugua kifua, akalazimika kuacha kazi. Roselyne, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akamwarifu kwamba amepata kazi dukani na kwamba shule sasa basi.

"Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtoto humtunza mzazi," alisema, tena kwa Kiswahili, yeye aliyezoea kujibu kwa Kiingereza.

"Mimi nilimtii baba yangu kwa kuacha shule," akasema Mzee. "Wewe nitii kwa kurudi."

Roselyne alirudi, ila akashikilia kwamba Jumamosi atafanya kazi, baba apende asipende. Mzee akakubali. Mama Gertrude anasema hakuwahi kumwona akishindwa kwa furaha namna ile.

Roselyne alihitimu ualimu Julai 1978. Mwaka uliofuata, Marehemu akiwa amelazwa hospitalini, alimwuliza kama wanafunzi wake husimama anapoingia darasani. Roselyne akamwambia hawasimami, lakini kengele ikilia wengine hubaki kumwuliza maswali.

"Hiyo nayo ni heshima," akasema Mzee.

Alifariki dunia tarehe 14 Novemba 1979, familia yake ikiwa kando yake. Ameacha mjane, Gertrude, watoto wawili, na wadogo zake wawili aliowasomesha.

Mungu amjalie mapumziko ya amani.