Mwalimu Odeta, Aliyekataa Kuliita Jiwe Mfupa

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Shigela, walimu na majirani mliofika hapa Kigongo, mimi ni Projest Rwehumbiza, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Mwalimu Odeta Kokuberwa Rwehumbiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika kijiji cha Ishozi, mkoani Kagera, kwa wazazi wakulima wa kahawa na migomba, akasoma shule ya msingi kijijini hapo, kisha sekondari mjini Bukoba, na mwaka 1990 akahitimu Chuo cha Ualimu Butimba, akaanza kufundisha jiografia Nyegezi, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomzuia.

Wengi wenu mnakumbuka jinsi wavuvi, wafugaji na wachimba mchanga walivyomletea mawe wakidhani ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, naye aliyapokea yote, akayageuza juani, akatazama palipovunjika, kwa sababu mfupa hata ukigeuka jiwe mara nyingi hubaki na vitundu vidogo ndani kama vya mkate, lakini jiwe la kawaida ni lilelile mpaka katikati. Karibu wote waliondoka wameinamisha vichwa.

Tarehe 7 Agosti 1993 alifunga ndoa na Yeremia Shigela, fundi uashi wa hapa Kigongo, wakajaliwa watoto wawili, Rachel na Mihayo.

Septemba 2009 Yeremia, akichimba kisima katika shamba hili, alikuta jiwe refu lenye umbo la paja la mnyama mkubwa, majirani wakaja kulitazama, akafurahi kama mtoto. Dada alilichunguza, akamwambia, "Baba Rachel, hili ni jiwe, lisikusumbue." Yeremia akajibu kwa uchungu, "Kwako wewe kila kitu ni jiwe," akaendelea kuchimba akitafuta mifupa mingine, na tarehe 18 Novemba, baada ya mvua kubwa, ukingo wa shimo ulimwangukia, akatolewa akiwa ameshafariki.

Siku ya mazishi ya Yeremia, kaka yake Nkwabi, ambaye yupo nasi na ameniruhusu kuyasema haya, alimwomba dada mbele ya wazee, "Shemeji, waambie watu ulikuwa mfupa, ndugu yangu asionekane amekufa kwa ajili ya jiwe." Dada alilia sana, lakini akasema, "Siwezi, shemeji. Nikisema hivyo, kesho wataingia wengine shimoni."

Shimo lilifukiwa, ukoo ukaacha kumtembelea, na watoto wakakua bila kuwajua baba zao wakubwa. Watu waliendelea kumletea mawe, naye akawajibu kwa upole kuliko zamani, ila kicheko chake hatukukisikia tena.

Mwaka 2022 mfugaji mmoja wa Misungwi, Bwana Maige, alileta kipande cha taya kutoka ukingo wa mto, dada akaviona vile vitundu, akamsihi asichimbe zaidi, akawaita wataalamu wa mambo ya kale, nao wakathibitisha kuwa ni kisukuku cha swala. Maige alishangilia uwanjani. Dada alimwambia Rachel, "Laiti baba yako angekiona hiki," akaingia ndani, akafunga mlango.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na tarehe 9 Juni 2024 akatutoka. Alikuwa ameomba jambo moja tu, azikwe kando ya mumewe, tukapeleka ombi kwa ukoo, lakini alikata roho jibu likiwa halijafika, na hilo linatuumiza mpaka sasa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, walimu wenzake waliopokezana kukaa naye, na majirani wa Nyegezi waliompikia uji alipokuwa hawezi kula kingine. Tunamshukuru pia shemeji yetu Nkwabi, aliyefika nyumbani jana asubuhi, akasimama muda mrefu mbele ya jeneza, kisha akatuambia, "Mleteni kwa mume wake."

Dada Odeta, tumekuleta. Pumzika hapa, kando yake, kwa amani.