Randu Kombe, Mwandika Vibao wa Malindi (1932–1989)

Mzee Randu Kombe alizaliwa Kibarani, Kilifi, mwaka 1932, mtoto wa pili wa marehemu Kombe Kenga na marehemu Kadzo. Tarehe haikuandikwa, ila mama alizoea kusema ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi, na kwamba Randu ndiye aliyemkatiza kazi.

Alisoma shule ya misheni Kaloleni toka 1941 hadi darasa la sita, 1946. Mwalimu alipoiona hati yake alimkabidhi ubao, awe akiandika tarehe kila asubuhi. Ndugu yake mkubwa Kenga, anayewasomea haya, ndiye aliyekuwa akiufuta.

Mwaka 1951 alikwenda Malindi kwa Bwana Jaafar Taib, muuza rangi, akaanza kuandika vibao vya maduka. Baada ya miaka michache haikuwezekana kupita mjini bila kusoma mkono wake: mikahawa, mabasi, kanisa, hata mlango wa madrasa kule Mambrui, ambako Bwana Jaafar alimchorea herufi za Kiarabu naye akazinakili bila kukosa nukta. Mwenye mkahawa mmoja alimwagiza aandike “Samaki Wabichi Kila Siku.” Randu akamuuliza, “Na Ijumaa, bwana, wavuvi huenda baharini?” Kibao kikaandikwa “Kila Siku Ila Ijumaa,” na watu walikuja kula kwa sababu ya kibao hicho.

Alimuoa Easter Sidi, binti wa Mzee Thuku, tarehe 13 Aprili 1957. Kabla ya hapo aliandika jina la Sidi kwenye pipa la maji la baba yake. Mzee Thuku alimwita, akamuuliza kama rangi ile hutoka. “Haitoki, baba,” alijibu. “Basi lete wazee wako.” Mungu aliwajalia watoto watano.

Mwezi Machi 1986 bwana mmoja wa serikali alimchukua hadi ghala moja nje ya Malindi. Ndani mlikuwa na masanduku mia moja na ishirini yenye maandishi ya kigeni. Aliambiwa ayafute, aandike DAWA ZA HOSPITALI. Siku ya kwanza aliandika arubaini. Siku ya pili sanduku moja lilianguka likapasuka, akaona bunduki zilizopakwa mafuta. Mlinzi alimnong'oneza, “Mzee, hizi zinavuka mpaka. Kuna waasi wanapigana na serikali yao, na wakubwa wetu wanawasaidia kwa siri. Hukusikia kwangu.”

Randu aliweka brashi chini. Yule bwana akamwambia, “Kazi yako ni kuandika tu.”

“Ndiyo, bwana. Na mimi huandika kilichomo. Ukitaka BUNDUKI, nitakuandikia sasa hivi.”

Hakurudi nyumbani siku ile. Kwa miezi minane Mama Easter alizunguka ofisi moja baada ya nyingine akiambiwa jina hilo halipo. Kila Jumanne Bwana Jaafar alifunga duka akafuatana naye. Randu aliachiliwa tarehe 22 Novemba, amekonda, na kifua kikimsumbua. Hakueleza aliyofanyiwa. Alichokisema, tena na tena, ni yale masanduku arubaini: “Sidi, kuna mgonjwa mahali ataletewa sanduku lenye mkono wangu, na muuguzi atalifungua akitafuta dawa.”

Aliendelea kuandika vibao, ila kwa kupumzika-pumzika. Mwaka jana kifua kilizidi, akalazwa hospitali mara tatu. Alifariki nyumbani Kibarani, Alhamisi tarehe 3 Agosti 1989, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tulipokuwa tukitayarisha wasifu huu, baadhi yetu tulishauri habari ya ghala iachwe, kwa kuwa nyakati zenyewe mnazijua. Mama Easter alisikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema, “Mimi aliniachia neno. Alitaka watu wajue kwamba alikataa themanini, na kwamba arubaini aliyaandika. Mkitaja yale aliyoyakataa tu, mtakuwa mmemuandikia kibao cha uongo.”

Kwa hiyo tumeyasoma yote mawili.

Ameacha mjane, Easter Sidi, watoto Kombe, Kadzo, Thuku, Kamaria, aliyepewa jina la mamake Bwana Jaafar, na Nyevu, wajukuu tisa, ndugu yake Kenga, na rafiki yake Jaafar Taib, ambaye leo amelifunga duka tena kwa ajili yake.

Mungu ampumzishe ndugu yetu kwa amani.