Jiwe la Tindo

Ubavuni mwa gereji kuna benchi la mbao ambapo kahawa huisha lakini ubishi hauishi. Asubuhi ile Spana, fundi wa magari, alikuwa amejaa katikati, raha mustarehe, kama mtu asiyeshindwa na swali lolote. Kushoto kwake Sharubu, kinyozi. Kulia kwake Tindo, mwashi, rafiki yake wa tangu utotoni, macho ya manjano kama yamepakwa rangi, anajikuna mikono. Hospitali walimwambia jiwe limeziba mrija wake wa nyongo; arudi keshokutwa walitoe bila kumpasua.

— Bila kupasua? Sharubu akaguna. Sasa linatokaje, linapiga hodi?

— Wanapitisha mpira mdomoni, una kamera, Tindo akasema taratibu. Unashuka tumboni mpaka utumbo mdogo, pale mrija wa nyongo unapomwaga.

— Hilo nalijua! Spana akadakia. Ni kama mrija wa mafuta kwenye injini. Ukiziba, unapuliza upepo. Puu! Uchafu nje.

— Hawapulizi. Wanachana mdomo wa mrija kidogo, wanaingiza kikapu cha waya, wanalinasa.

— Kikapu! Wanakwenda sokoni? Sharubu akacheka. Kaka, kunywa mafuta ya kupikia, lala miguu juu, jiwe litateleza lenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Miguu juu si litampanda kichwani? Spana akapinga. Mwache aruke kamba. Nyumba ya udongo haihimili vishindo: jiwe litabomoka.

— Basi bora akae mbele ya spika kubwa, Sharubu akasema. Besi inapasua kioo, itashindwa na kokoto?

— Spika ya nini? Sumaku! Ninayo kubwa humo ndani, inanyanyua gia boksi!

Hapo akatokea dada yake Tindo, mshonaji, futi shingoni. Hakusalimu. Alimtazama kaka yake, kisha akawatazama wao.

— Jua lote hili, mbona anatetemeka?

Spana akageuka. Kikombe kilikuwa kinagonga meno ya Tindo. Akamgusa shingo, akaurudisha mkono haraka, moto. Muda wote walikaa bega kwa bega, naye alidhani mwenzake anacheka.

— Tangu lini, ndugu yangu?

— Alfajiri. Mlikuwa mmenogewa, sikutaka kuwakatiza.

Spana aliinuka. Alichukua gari la mteja lililokuwa tayari, wakampakia Tindo nyuma, kichwa mapajani kwa dada yake.

Hospitalini daktari alimfunua kope, akampima joto, akakunja uso.

— Manjano na homa kwa pamoja, hii haingoji keshokutwa. Nyongo imeoza nyuma ya jiwe. Anaingia leo leo.

Wakamtundikia dripu, wakamsukuma ndani. Huko nje, kwenye viti vya korido, Sharubu alifungua kinywa, “Wahenga...”, akakifunga. Spana alikuwa anaitazama mikono yake yenye grisi. Mikono iliyofungua injini za kila namna, na leo haikuwa na cha kushika.

Jua lilikuwa limeinama mlango ulipofunguka. Daktari akashusha barakoa.

— Jiwe limetoka, nyongo inatiririka vizuri. Mmewahi. Nani ndugu zake?

Dada mtu akasimama. Spana na Sharubu wakasimama naye.