Hakulia Hata Siku Moja

Kijiwe chetu kina maji. Ni beseni kubwa la saruji nyuma ya bwawa la kuogelea la mji, maji yake yanatoka ardhini yakiwa ya moto, na wenyewe tunaliita Chunguni. Mvua inapiga kwa ubavu kutoka baharini, vichwa vinalowa, mabega yako ndani ya joto. Mhudumu huweka chupa ya kahawa ukingoni pamoja na vikombe vya plastiki, na ikiisha haijazwi tena mpaka kesho yake. Kila mtu ana nafasi yake. Kijiko, ambaye jina lake hasa ni Steinunn, hukaa karibu na chupa. Alikuwa mpishi wa shule, na nusu ya mji imenyweshwa mafuta ya samaki kwa mkono wake. Volti, fundi umeme Hörður, hukaa penye bomba linaloingiza maji. Jembe, aliyeendesha gari la kukwangua theluji mpaka akastaafu, hukaa akitazama lango. Asubuhi hiyo ya Mei alikuwa na sababu ya kulitazama. Binti yake Hugrún angempitia waende hospitali, pamoja na mjukuu, Flóki, mtoto wa miaka minne ambaye halali.

– Kumbe ni leo, Volti akasema.

– Ni leo. Wako kwenye foleni tangu baridi ya mwaka juzi.

– Na wewe unafuata nini? Wanakupima wewe?

– Wanataka kujua mtoto alikuwaje alipokuwa mchanga. Na mchana alikuwa kwangu. Hugrún alikuwa kazini.

– Utawaambia nini?

– Nilichokiona. Alikuwa analala fofofo. Namlaza kwenye kigari chake uani, chini ya mlingoti wa bendera, pale upepo haufiki. Namfunika, naingia ndani. Mchana mzima, kimya. Hakulia hata siku moja.

– Mtaa mzima unajua, Kijiko akasema. Nilikuwa nawatolea mfano wazazi wengine. Nawaambia, nendeni mkaone mtoto anavyolala.

– Sasa Hugrún anasema huyu halali tangu azaliwe. Tangu azaliwe! Nikamwambia, mwanangu, kwangu alikuwa analala. Kama kwako halali, tuangalie kwako kuna nini.

– Akasema nini?

– Alimchukua mtoto, akaondoka.

Maneno hayo ya Jembe yalishaenea. Kwa mwaka mzima Hugrún amepewa ushauri dukani, benki, na kwenye kituo cha mafuta: azime simu, apunguze sukari, amlaze mapema, awe mkali kidogo. Baba wa mtoto alihamia Norwei, na hilo nalo lilihesabiwa kuwa sababu. Hugrún husema asante, hulipa, huondoka.

– Siku hizi usiku anafanya nini hasa? Volti akauliza.

Jembe alijimwagia maji usoni kwanza.

– Anasimama. Ana kijiko kimoja, hakiachi. Anagonga bomba la kupashia nyumba joto pale ukutani. Ting, ting. Ananyamaza. Ting. Hivyo hivyo mpaka kunakucha. Ukimnyang'anya anajigonga kichwa. Mama yake anakaa sakafuni, anaweka mkono kati ya kichwa na ukuta. Juzi mama yake kasinzia kazini, kule nyumba ya wazee, anamlisha mzee wa watu, kijiko kikabaki hewani.

– Na maneno?

– Alikuwa anasema "maziwa". Sasa hasemi.

– Hospitali wanasema ni usonji?

– Wanasema huenda. Huenda! Mimi nimeendesha gari miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza barabara iko wazi nikamjibu huenda.

Kijiko akajimiminia kahawa.

– Tatizo ni mafuta, akasema. Watoto wa sasa wanapewa vidonge vyenye ladha ya chungwa. Mpe mafuta ya samaki yenyewe, kijiko kikubwa, asubuhi, na asiteme.

– Wewe kila kitu mafuta, Volti akamkata. Mumeo alivunjika nyonga ukampa mafuta.

– Na akapona!

– Alipona haraka ili usimwongezee.

Tulicheka. Jembe pia alicheka. Wakati huo akaingia mwanamke kijana, mgeni mjini, anaitwa Eydís. Alihamia kabla ya Pasaka. Mtoto wake alikuwa amemwacha kwenye kigari nje ya uzio wa waya, karibu na lango, kama wanavyofanya mama wote hapa. Alitusalimia, akakaa kwenye ngazi, nusu ndani ya maji.

Volti hakumngoja akae vizuri.

– Mimi nitawaambia jambo la kitaalamu. Ile nyumba ya Hugrún naijua, nimeingia mpaka chini ya sakafu. Waya umefungwa kwenye bomba. Kuna umeme kidogo unatembea humo ukutani. Sisi hatuusikii. Mtoto anausikia. Unadhani anagonga bure? Anajibu.

– Anamjibu nani? Kijiko akauliza. Shirika la umeme?

– Cheka tu. Na si hilo peke yake. Amezaliwa Juni, sivyo? Anafungua macho duniani, saa sita ya usiku jua la kiangazi hilo hapo, halijazama. Kesho yake, jua. Keshokutwa, jua. Mtoto kaelewa kwamba hakuna usiku. Nani atamwambia sasa kwamba upo?

– Mimi nimezaliwa Juni, Jembe akasema.

– Na ukakesha barabarani unakwangua theluji maisha yako yote. Ulilala lini wewe?

Eydís alitoka majini. Alitembea peku juu ya saruji iliyolowa hadi kwenye uzio, akapitisha mkono, akainua pembe ya kifuniko cha kigari. Akarudi anatetemeka.

– Mama, utapata homa, Kijiko akamwambia. Kakuita?

– Hapana.

– Basi tulia. Hakuna anayemfunua mtoto kabla hajalia. Unamwingizia baridi bure.

Eydís akatabasamu, akazama hadi shingoni. Kijiko akamgeukia Jembe, sauti ikashuka.

– Semeni mafuta, semeni umeme. Mimi ninachokiamini ni jina.

– Jina gani?

– Hugrún alipokuwa na mimba aliota bibi yake, Þorgerður, kaja kakaa ukingoni mwa kitanda. Alinisimulia mwenyewe. Marehemu akija namna hiyo, anaomba jina. Mtoto alipaswa kuitwa Þorgeir, jina la bibi kwa upande wa kiume. Wao wakamwita Flóki, kwa sababu ni zuri. Haya, sasa bibi bado anakuja. Anakaa ukingoni. Mtoto anamwona, ndiyo maana halali.

Safari hii hatukucheka.

– Þorgerður alikuwa mama yangu, Jembe akasema.

– Najua, Jembe.

– Mama yangu hawezi kumnyima mtoto usingizi.

– Sisemi kwa ubaya. Nasema tu Hugrún angesikiliza wakubwa.

– Hapo sasa. Hasikilizi. Jembe aliweka kikombe ukingoni. Na ndivyo nitakavyowaambia hao madaktari leo. Kwangu mtoto alikuwa mzima, alikuwa analala uani mchana mzima, halii. Kilichoharibika kimeharibikia nyumbani kwake.

– Atakasirika, Volti akasema.

– Akasirike. Wameniuliza mimi.

Eydís alitoka tena. Volti akaguna.

– Huyu naye! Mtoto ametulia mwenyewe.

Alikaa uzioni kwa muda. Aliporudi hakuzama. Alikaa kwenye ngazi, mikono amekumbatia magoti.

– Kalala? Kijiko akauliza.

– Yuko macho. Anatazama matone ya mvua kwenye plastiki.

– Na halii?

– Halii.

Kisha akamgeukia Jembe. Hakuwa na ukali wowote; aliuliza kama mtu anayetaka kujua, kwa sababu na yeye ana mtoto.

– Babu, samahani. Nimesikia mkizungumza. Huyo mjukuu wako kule uani, kama alikuwa halii, ulijuaje kwamba amelala?

Jembe akafungua mdomo.

– Alikuwa kimya, Volti akajibu badala yake.

– Wangu pia yuko kimya.

– Lakini mchana mzima, binti, Kijiko akasema. Mtoto mchanga hawezi kukaa macho mchana mzima bila kulia.

– Sijui, Eydís akasema. Ndiyo maana nauliza.

Kijiko alimtazama Volti. Volti alitazama bomba. Mimi nilikuwa mkabala na Jembe, na nilimwona akitafuta kichwani kitu ambacho hakikuwa kikija. Nilisubiri aseme kwamba alifunua, hata mara moja, akaona macho yamefumba. Hakusema.

Upepo uligeuka. Pale langoni kuna mlingoti wa bendera, wa chuma, kama ulioko kwenye nyua nyingi za mji huu, na kamba yake ilianza kuugonga.

Ting, ting. Kimya. Ting.

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuisikiliza. Ni sauti ya siku zote, huisikii mpaka ikome. Jembe aliinua kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya ukingo wa saruji, na kidole kimoja kikaanza kufuata: mara mbili, kikatulia, mara moja.

– Jembe, Kijiko akasema.

– Nilimweka chini ya kamba kama hiyo, Jembe akasema. Kila siku.

– Tulifanya sote hivyo. Mimi wangu wanne.

– Alikuwa anaisikiliza.

Volti alichukua chupa ya kahawa ili afanye kitu. Akaibonyeza. Ilikoroma, ikatoa nusu ya nusu kikombe, halafu hewa tupu. Akampa Jembe kile kilichotoka. Jembe alikipokea, hakunywa, akakiweka pale ukingoni kando ya kile cha kwanza.

– Hugrún alikuwa ananiambia, akasema. Mwaka wa kwanza ule ule. Anakuja kumchukua jioni, macho mekundu, ananiambia baba, huyu halali. Namwambia katoka kulala sasa hivi. Namwambia umechoka tu.

Gari dogo la kijani lilisimama nje ya lango.

– Huyo kafika, Kijiko akasema, ingawa wote tulikuwa tumeliona.

Jembe alipanda ngazi akiwa ameshika bomba la pembeni. Kwa kawaida huyu mzee huoga, hukausha nywele, huzichana, hutoka amevaa kofia. Siku ile alipotokea upande wa pili wa uzio, shati lilikuwa limemgandia mgongoni na kofia ilikuwa mkononi. Alipita kando ya kigari cha Eydís, akasita, akaendelea. Hakwenda mlango wa abiria. Alisimama dirishani kwa Hugrún, kwenye mvua, akainama.

Kioo kilishuka. Alizungumza. Kutoka Chunguni husikii lolote linalosemwa langoni. Unaona midomo tu, na ya Jembe haikusogea sana. Kwenye kiti cha nyuma Flóki alikuwa amegeuza uso juu, kuelekea mlingoti, na kijiko chake kilikuwa kinagonga kioo kwa mwendo wa kamba, bila kukosea.

– Anamwambia nini? Kijiko akanong'ona.

Hugrún alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Hakumtazama baba yake. Alitazama mbele, barabarani, kama anayesoma kibao kilicho mbali. Halafu akanyoosha mkono, akazima gari, akageuza uso kumsikiliza.