Msichana wa Kumtunza Mama

Benchi yenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya kreti mbili za soda, nje ya duka la dawa za mifugo la Josphat Njenga, mtaani Munyaka, mjini Eldoret. Kahawa hutoka kwenye thamosi ya Njenga, ambaye huitwa Daktari, jina ambalo hajawahi kulikataa. Kushoto kwake hukaa Emmanuel Kipyego, yaani Sungura, kwa kuwa enzi zake katika kambi ya mbio kule Kaptagat kazi yake ilikuwa kuwatangulia wakimbiaji wengine ili kuwawekea kasi, kisha kutoka mbioni kabla ya ushindi kuonekana. Kulia hukaa Sifuna, yaani Wakili, ambaye hakusomea sheria ila alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba iliyochukua muda hadi akawajua makarani wote wa mahakama kwa majina. Jumamosi hiyo Peter Githinji, mwenye duka la vyombo, alifika amenuna. Dada yake Janice alikuwa njiani kutoka Nakuru, akitaka mchana huo wamfukuze Bridgit Nanyama, msichana waliyemwajiri kumtunza mama yao tangu alipoanguka na kuvunjika mkono. Githinji hakuwa ameamua, na nyumbani hakuna aliyemwacha afikiri.

— Kwani huyo msichana amefanya nini? Daktari aliuliza, akimmiminia kahawa.

— Hakuna. Hiyo ndiyo shida. Hafanyi kitu!

— Ameiba?

— Heri angeiba, ningejua pa kuanzia. Jana nimeingia, nimempata amekaa kwa kiti ya marehemu baba, miguu juu ya stuli, anakula mukimo ya viazi na mahindi. Mama ndiye amesimama jikoni.

— Na hiyo mukimo ilipondwa na nani? aliuliza Wakili.

— Si mama! Na mkono wake haujarudi sawa. Nikamwambia msichana ainuke. Mama akanigeukia na mwiko. Ati kwake mgeni hafanyi kazi.

— Mgeni? Si alikuja kabla ya mahindi kupandwa?

— Na bado ni mgeni! Akishika sufuria, ananyang'anywa. Akitaka kufagia, ufagio umefichwa. Juzi alijaribu kufua, mama akamwaga maji.

— Amenona? Sungura aliuliza.

— Wacha tu. Nguo zenye alikuja nazo hazifungi.

Wakili aliweka kikombe chini, kama afanyavyo kila anapoona kesi.

— Githinji, hiyo ni maneno ya ardhi. Mtu akilishwa mahali muda mrefu na hakuna mtu amemkataza, sheria inamwangalia na jicho nzuri. Anaanza na kiti. Anaenda sebule. Ukishtuka, ploti iko kwa jina lake.

— Sheria gani hiyo?

— Iko.

— Umeisoma wapi?

— Nimeisikia kotini. Kwa korido.

— Wacha kutuharibia kahawa, Daktari alisema. Hiyo ni minyoo.

— Minyoo inakondesha mtu, Daktari. Hata sisi tulienda shule.

— Inakondesha ng'ombe. Ya binadamu imeerevuka. Inamtuma akule, akule, mpaka mwenye kupika achoke. Niko na dawa hapa ndani, ile ya jerikeni.

— Si hiyo ni ya ng'ombe?

— Unapunguza, bana!

Githinji alicheka kidogo, kisha akajiona mkosaji kwa kucheka. Akimwacha Bridgit, mama ataendelea kusonga ugali kwa mkono aliokatazwa kuinulia hata birika. Akimwondoa, mama atabaki peke yake tena, na safari hii huenda akaanguka pasipo mtu wa kumsikia. Janice alisema amempata mama mmoja mkali wa Molo, mtu asiyekubali kupikiwa hata chai.

— Nyinyi hamjui mbio, Sungura alisema, akinyoosha miguu yake mirefu hadi katikati ya njia. Huyo msichana ni sungura kama mimi. Ametumwa.

— Na nani?

— Na wazungu wa utafiti. Vijana wetu wameshapimwa, mapafu, damu, kila kitu. Sasa wanatafuta siri ya mbio kwa nyanya wanaowapikia. Msichana anakula haraka, nyanya anapika haraka zaidi, na huko ng'ambo mtu anaangalia saa.

— Anaonaje akiwa ng'ambo?

— Kijiko. Umewahi kuangalia kijiko ya huyo msichana vizuri?

Githinji alijikuta akijaribu kukikumbuka hicho kijiko.

— Samahani, wazee.

Aliyesema alikuwa mama mmoja aliyesimama kando ya kaunta, amejifunga leso kiunoni na kushika gunia tupu.

— Naitwa Jepkemboi, nimetoka shambani huko Ziwa. Nimesimama hapa tangu huyo msichana akiwa na minyoo. Nilitaka chumvi ya ng'ombe tu.

— Pole, mama, Daktari alisema bila kuinuka. Tuko kwa kikao.

— Sawa. Sasa kwa vile nimeshasikia yote, wacha niulize. Kabla huyu msichana aje, mama alikuwa anaishi na nani?

— Peke yake, Githinji alijibu. Tangu baba atuache.

— Na alikuwa anakula nini?

— Chakula.

— Chakula gani?

Githinji alianza kuhesabu moyoni. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akipeleka unga, mchele na maharagwe. Aliviweka kabatini mwenyewe, akauliza habari ya presha, akakataa chai kwa kuwa duka alikuwa amemwachia kijana asiyejua bei. Unga wa mwezi uliopita aliukuta mara nyingi pale pale alipouweka, akamsifu mama kwa kujua kuweka akiba. Tangu Bridgit aje, unga ulikuwa hautoshi mwezi.

Wakili alikohoa, akakichukua tena kikombe chake. Sungura alirudisha miguu.

Simu ya Githinji ililia.

— Nimefika Timboroa, Janice alisema. Umemwambia apange nguo?

— Janice, kabla ya Bridgit, mama alikuwa anakula nini?

— Si wewe ndiye uko karibu?

— Ndiyo.

— Si ulikuwa unampelekea vitu?

— Nilikuwa nampelekea.

— Basi?

Githinji alimweleza habari ya unga. Kule upande wa pili ukasikika mngurumo wa malori yakipanda mlima.

— Usimwambie Bridgit chochote, Janice alisema mwishowe. Ningoje.

Daktari aliinuka, akaingia dukani kupima chumvi. Alimjazia Jepkemboi gunia kupita alivyoagiza, akaufunga mdomo wa gunia kwa kamba, na hakutoa ushauri wowote.