Saa Sita za Bi Subiri Kwenye Valvu

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa mtambo wetu wa majitaka ya hospitali atasaini daftari la zamu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye faili ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Bi Subiri, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Mumewe hulalamika kwamba hata chai ya nyumbani husubirishwa.

Alianza kwa kuzibua mitaro, akasoma jioni, akapanda hadi ufundi mkuu. Yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa tangi la mwanga. Humo maji huchanganywa na unga mweupe na kupitishwa kwenye taa kali; mwanga ukiugonga unga, unga huvunjavunja mabaki ya antibiotiki yaliyotoka wodini. Mabaki hayo yakifika mtoni, vijidudu huizoea dawa, na siku mtu akiugua kweli, dawa haimsaidii kitu.

Sasa niseme na langu, maana bila hilo sifa hizi zitakuwa porojo. Miaka minne iliyopita nilikuwa mgeni kwenye zamu. Kipimo cha asubuhi kilionyesha mabaki kidogo ya dawa bado yamo kwenye maji. Nikajifanya mjuaji: kama kopo moja la unga linafanya kazi, matatu si ndiyo kiboko? Maji yakawa meupe kama uji. Taa ziliwaka vizuri, lakini mwanga haukupenya hata kina cha kidole, na dawa ikapita ilivyo.

Saa tatu asubuhi Bi Subiri alipima, akafunga valvu ya kwenda mtoni, akasimama mbele yake. Hospitali haikuacha kumwaga maji, na tangi la kupokelea likazidi kujaa. Lingefurika, uchafu ungerudi wodini. Meneja alipiga simu mara tatu akiamuru afungue. Chini kidogo ya mto, mdogo wake Bi Subiri wa tumbo moja huteka maji ya kunywa ya wanawe, lakini hakumtaja hata mara moja. Alimwomba matroni asimamishe ufuaji wa mashuka, kisha akatuagiza tuyazungushe maji kwenye chujio hadi unga uliozidi utoke. Tulipima kila nusu saa. Nilivunja chupa mbili za sampuli. Saa nane tangi la kupokelea lilibakiza upana wa kiganja lifurike. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze!

Saa tisa kipimo kikatoka safi. Akafungua valvu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Hatukuwa tumewahi kumwona akilia.

Nilijua kazi sina. Akanipa kalamu, akataka niandike ripoti kwa mkono wangu, bila kupunguza kopo hata moja. Meneja alipotaka nifukuzwe, Bi Subiri alimjibu kwamba akifukuzwa aliyesema, atakayekosea kesho ataficha, na mto hautapata wa kuutetea. Nikabaki.

Kuanzia Jumatatu zamu yake ni yangu, na ninaogopa, nisiwafiche. Bi Subiri, sote wa mtambo tunakushukuru kwa dhati. Mungu akupe afya, usingizi mtamu na siku nyingi za raha na wako. Simu ya kazini izime tu, mama. Nikikosea, nitaandika.